MVUA NI REHEMA: BASI NI NINI KINACHOBOMOA MISIKITI NA MAJUMBA YETU YA KALE?



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), anayeteremsha maji kutoka mawinguni akaihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, wanafunzi wapenzi na wazazi watukufu, katika toleo hili tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo kila masika tunalitaja kwa siku mbili tatu, kisha jua likitoka tunalisahau. Nalo ni namna mvua kubwa zinavyoharibu majengo ya kale: misikiti ya mawe, majumba ya Mji Mkongwe na magofu ya miji ya wazee wetu.

Kwa nini tumechagua mada hii

Tunaanza na kosa letu wenyewe, kwani mwalimu asiyekiri kosa lake hafai kusahihisha madaftari ya wengine.

Miaka kadhaa iliyopita, katika msikiti mmoja wa zamani ambao watoto wadogo husomea Juzuu Amma baada ya alasiri, ukuta wa kibla ulianza kutoa unyevu. Kwanza lilikuwa doa dogo mfano wa kiganja. Masika yaliyofuata doa likawa kubwa kama mkeka wa kusalia. Sisi walimu ndio tuliopita nyumba kwa nyumba na daftari la michango. Tukanunua saruji, ukuta ukapigwa lipu mpya, ukapakwa rangi, ukang'ara. Wazazi wakatuombea dua na sisi tukaona tumefanya kazi kubwa.

Masika ya tatu baada ya hapo, usiku mmoja wa mvua isiyokatika, bamba zima la ile lipu lilianguka pamoja na mawe ya ndani ya ukuta, pale pale wanapokaa watoto. Alhamdulillahi, ilikuwa kabla ya alfajiri na hapakuwa na mtu. Lakini chini yake palikuwa na kabati. Misahafu tuliiokoa. Daftari la zamani la wakfu wa msikiti, lililoandikwa kwa mkono, hatukuliwahi. Kurasa zake zilishikana na wino ukatawanyika. Majina ya waliotoa mashamba na nyumba zao kwa ajili ya msikiti ule hayasomeki tena.

Tulimwita fundi mzee. Tulidhani atautazama ukuta, lakini yeye aliomba ngazi. Alipanda paani akakaa huko kitambo, kisha akateremsha ndoo. Ndani yake mlikuwa na majani makavu, kiota cha kunguru, na kandambili moja ya mtoto. Vyote hivyo vilikuwa vimeziba mlizamu. Akatuambia: "Ugonjwa ulikuwa juu, nyinyi mmepaka dawa chini."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tutafute na tusome, na tuliyoyapata ndiyo haya tunayokuleteeni.

Si jambo geni katika dini yetu

Kuna hadithi iliyopokewa na Anas bin Malik (R.A.) na kuthibiti kwa Bukhari na Muslim. Mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (S.A.W.) akiwa anahutubu, akalalamika juu ya ukame na kumtaka awaombee mvua. Mtume (S.A.W.) aliinua mikono akaomba, na mbingu zilizokuwa safi zikajaa mawingu. Ikanyesha wiki nzima. Ijumaa ya pili mtu akasimama tena, safari hii akilalamika kwamba majengo yanabomoka na mali zinaangamia. Mtume (S.A.W.) akaomba mvua iwe pembezoni mwao wala isiwe juu yao, iende kwenye vilima, mabonde na mahali panapoota miti.

Tuzingatie jambo moja hapa. Mtume (S.A.W.) hakuomba mvua iondoke duniani, bali aliomba iende mahali inapofaa. Mvua ile ile iliyokuwa rehema kwa mashamba ilikuwa taabu kwa kuta za udongo za Madina. Kwa hiyo suala si mvua, suala ni wapi maji yanakwenda.

Hata nyumba tukufu kuliko zote, Al-Kaaba, imepata madhara ya mafuriko, kwa sababu Makka iko bondeni na maji ya milima huteremkia hapo. Mtume (S.A.W.) alipokuwa na umri wa miaka 35, kabla ya kupewa utume, Makureshi walilazimika kuijenga upya baada ya kuta zake kudhoofika. Ndipo ilipotokea ile habari mashuhuri ya Hajarul Aswad kubebwa juu ya nguo. Katika ujenzi ule Makureshi walitumia mbao za jahazi lililovunjika pwani ya Jidda, wakaitia Al-Kaaba paa, na kwa kuwa sasa ina paa wakaiwekea mlizamu wa kutolea maji. Mlizamu wa Al-Kaaba unajulikana mpaka leo, na kila aliyehiji ameuona upande wa Hijr Ismail.

Katika mwaka wa 17 Hijria, wakati wa ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), mafuriko yanayoitwa ya Ummu Nahshal yaliingia msikitini yakaibeba Maqamu Ibrahim kutoka mahali pake. Sayyidna Umar (R.A.) aliirudisha, na hakuishia hapo. Alijenga boma upande wa juu wa mji ili kuyageuza maji yasiingie tena msikitini. Na mwaka 1039 Hijria, sawa na 1630 Miladia, mafuriko makubwa yaliangusha kuta za Al-Kaaba yenyewe, nayo ikajengwa upya kwa amri ya Sultan Murad wa Nne.

Basi asije mtu akasema kwamba kushughulikia paa na mitaro ni kukosa tawakkul. Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa na tawakkul zaidi yetu, na alijenga boma.

Nyumba zetu zimejengwa kwa nini?

Ili tufahamu maji yanavyobomoa, lazima kwanza tujue kilichomo ndani ya ukuta. Nyumba za mawe za pwani yetu, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Unguja, Pemba na Kilwa, zimejengwa kwa vitu vichache vilivyopatikana hapa hapa.

Kwanza ni jiwe la matumbawe. Ni jepesi na lina matundu mengi mithili ya mkate wa kumimina. Matundu hayo hunyonya maji.

Pili ni chokaa. Wazee walipanga matumbawe juu ya magogo katika tanuri, wakayachoma, kisha wakayazima kwa maji na kuyaacha yalainike. Chokaa hiyo ilichanganywa na mchanga au udongo mwekundu ikawa ndiyo gundi ya ukuta. Chokaa hukauka polepole, hubaki laini kiasi, na huruhusu unyevu kutoka. Mafundi husema kwamba ukuta wa chokaa unapumua.

Tatu ni boriti za mikoko. Hizi ndizo zilizobeba dari na paa, na ncha zake zimeingizwa ndani ya ukuta. Vyumba vingi vya kale ni virefu lakini vyembamba, upana wake kiasi cha mita 3 au pungufu, kwa sababu boriti haziendi mbali zaidi ya hapo.

Ukuta wenyewe ni mnene, lakini si jiwe moja. Una nyuso mbili, ya nje na ya ndani, na katikati yake mmejazwa vipande vya mawe, udongo na chokaa. Nyumba ya namna hii inaweza kusimama mamia ya miaka kwa sharti moja: kichwa chake kiwe kikavu. Kila mwaka wazee walipaka chokaa upya, wakafagia paa, wakazibua milizamu. Kwao haukuwa ukarabati. Ilikuwa desturi ya mwaka, kama kusafisha nyumba kabla ya Ramadhani.

Maji hupitia wapi?

Tufanye hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Chukua paa la msikiti lenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 10. Eneo lake ni mita za mraba 150. Mvua ya milimita 75 ikinyesha kwa siku moja, paa hilo litapokea lita 11,250, ambazo zinajaza mapipa 56 ya lita 200. Maji yote hayo yanategemea milizamu michache tu. Mmoja ukizibwa na kandambili, maji hayo hutafuta njia nyingine, na njia ya karibu ni ndani ya ukuta.

Madhara yake huja kwa namna hizi:

1. Moyo wa ukuta kuoshwa. Maji yakiingia kwa juu huteremka katikati ya zile nyuso mbili na kuondoa udongo na chokaa kidogo kidogo. Kwa nje huoni kitu. Baadaye ukuta hutoa tumbo, yaani hujitokeza kwa nje. Ukuta uliotoa tumbo uko karibu kuanguka.

2. Boriti kuoza. Boriti haiozi katikati tunapoiona, huoza kwenye ncha iliyofichika ukutani. Unyevu ukikaa hapo, mchwa nao hufuata. Dari huanguka kwa ghafla ijapokuwa boriti zilionekana nzima.

3. Chumvi. Ndani ya matumbawe na mchanga wa pwani mna chumvi. Maji huiyeyusha na kuibeba mpaka kwenye uso wa ukuta. Jua likitoka maji hukauka na chumvi hubaki ikiganda. Ikiganda hutanuka na kuisukuma lipu mpaka imeguke. Ule unga mweupe tunaoufagia chini ya kuta kila baada ya masika ndio huo, pamoja na sehemu ya ukuta wenyewe.

4. Uzito. Ukuta ulionyonya maji ni mzito kuliko ulio mkavu, na msingi wake uko juu ya ardhi iliyolainika. Ndiyo maana majengo mengine huanguka siku moja au mbili baada ya mvua kukatika, watu wakiwa wameshaona hatari imepita.

5. Mimea. Ndege huleta mbegu za mitini ya mwituni, unyevu huziotesha kwenye nyufa, na mizizi hupanua kila ufa inaouingia.

6. Msingi kuchimbwa. Maji yanayotiririka ardhini bila mtaro huchukua udongo wa chini ya ukuta. Darajani, hapa mjini Unguja, paliitwa hivyo kwa sababu ya daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa upande wa mashariki wa Mji Mkongwe. Mkono huo ulifukiwa katika karne ya 20, lakini maji ya mvua hayakusahau njia yake. Tukiziba mitaro kwa taka, hurudi kudai mkondo wao wa zamani.

Saruji, dawa inayozidisha ugonjwa

Hapa ndipo tulipokosea sisi, na tunaona wengi wanakosea kwa nia njema. Saruji ni nzuri kwa nyumba za matofali ya siku hizi. Juu ya ukuta wa matumbawe na chokaa ni kama kumvalisha mgonjwa wa homa koti la mpira. Jasho halitoki. Maji yaliyoingia kwa juu hunaswa nyuma ya lipu ya saruji, ambayo kwa nje ni kavu na nzuri. Ndani chokaa inalainika, chumvi inajikusanya, boriti zinaoza. Halafu saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloshikilia, basi inapoachia haimeguki yenyewe tu. Huondoka na uso wa ukuta.

Ukuta wetu haukuanguka usiku ule wa mvua. Ulianza kuanguka miaka mitatu nyuma, siku tuliyoupongeza.

Mifano ya miji ya Kiislamu

Kilwa Kisiwani. Mji huu wa kusini mwa Tanzania ulitembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331, na msikiti wake mkuu ulianza kujengwa karne ya 11. Uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 ukatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, mpaka ulipoondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya uhifadhi. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa na Sultan al-Hasan bin Sulaiman katika karne ya 14, liko ukingoni mwa mwamba juu ya bahari. Upande wake wa mashariki umekuwa ukitoweka kidogo kidogo. Mawimbi hula kwa chini na maji ya mvua huosha udongo kwa juu. Na hapo pana fundisho kubwa: mimea iliyoota ukingoni ilisaidia kuuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na wakati huo huo mizizi yake ilikuwa ikipasua kuta. Ukiing'oa ovyo udongo unakwenda, na ukiiacha ovyo ukuta unapasuka. Kazi hii basi haitaki nguvu tu, inataka elimu.

Beit al-Ajaib. Jumba hili lilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, na wazee wetu walilipa jina hilo kwa ajabu zake. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wa saa ikaanguka, na watu wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Tunalitaja kwa sababu moja: jengo lililochoka halimsubiri fundi hata akiwa ameshafika.

Djenné, nchini Mali. Msikiti wake mkuu, uliojengwa mwaka 1907 mahali pa msikiti wa kale, ni wa udongo mtupu. Tungesema mvua mbili tatu zingeumaliza. Lakini paa lake lina mabomba ya udongo uliochomwa, yaliyotokeza nje ili kuyatupa maji mbali na kuta, na kila mwaka mji mzima hutoka kuupaka udongo mpya. Vijana huchanganya na kubeba udongo, wanawake huleta maji, mafundi hupanda kwenye vijiti vya mitende vilivyochomekwa ukutani. Hata hivyo, tarehe 5 Novemba 2009 ilinyesha mvua ya milimita 75 kwa saa 24, na sehemu ya juu ya mnara wa kusini wa ukuta wa kibla ikaanguka. Ukarabati ukafanyika, na msikiti umesimama. Mvua iliwashinda siku moja, lakini desturi yao ilikuwa hai, wakainuka.

Yemen. Shibam ya Hadhramaut, mji wa maghorofa ya udongo katika nchi walikotoka mababu wa masharifu na masheikh wengi wa pwani yetu, ulipigwa na mafuriko mwezi wa Oktoba 2008. Mwaka 2020 mvua kubwa ziliangusha na kuharibu nyumba nyingi katika mji wa kale wa Sana'a, wakati ambapo vita na umasikini viliwazuia watu kutengeneza mapaa yao. Nyumba zilizokuwa zimezoea mvua hazikuzoea kuachwa.

Na kwetu Unguja upo mfano wa kutia moyo. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Umetengenezwa mara kadhaa katika karne hizi, una paa juu yake, na Waislamu bado wanasali ndani. Linganisha na magofu ya Ras Mkumbuu kule Pemba, ambayo hayana paa wala watu, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Jengo lenye watu lina macho yanayoliangalia. Kinachovuja leo mchana, mtu atakiona kwenye sala ya magharibi.

Jambo hili linazidi kuwa zito kwa sababu hewa ya dunia inapata joto. Hewa ikizidi joto kwa nyuzi 1, huweza kubeba mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na mvuke huo ukishuka hushuka kwa pamoja. Wazee wetu walipima milizamu yao kwa mvua walizozijua. Huenda sisi tukahitaji mipana zaidi.

Wako wanaouliza: kuna haja gani ya kuhangaika na mawe ya zamani? Jibu letu ni kwamba kuhifadhi si kutukuza mawe. Maandishi ya ukuta wa Kizimkazi ni ushahidi kwamba Uislamu ulikuwa umeshatulia hapa zaidi ya miaka 900 iliyopita. Ukuta ukienda, shahidi amekwenda. Pia misikiti mingi ya kale na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni wakfu, na wakfu ni amana. Mafakihi wamesema kwamba katika mapato ya wakfu cha kwanza kutolewa ni matengenezo ya wakfu wenyewe, kabla hata ya kuwagawia wanaostahiki. Anayeuacha mlizamu wa msikiti ukaziba huku fedha za wakfu zinatumika kwa mengine, ajiulize atajibu nini.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi:
- Usitupe kitu juu ya mapaa wala kwenye mitaro. Mpira au kiatu kikirukia paani, mwambie mwalimu. Hutapigwa. Tunapenda kujua leo kuliko kujua baada ya miaka mitatu.
- Ukiona doa jipya la maji, ufa unaopanuka, ukuta uliotoa tumbo au mche ulioota ukutani, toa habari siku hiyo hiyo. Mche mdogo huondolewa kwa urahisi. Mti mkubwa usivutwe, utakuja na ukuta. Ukatwe na fundi.
- Wakati wa mvua kubwa na siku chache baada yake, usicheze wala kukaa chini ya kuta mbovu na magofu.

Kwa wazazi na kamati za misikiti:
- Fagieni paa na zibueni milizamu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Ni kazi ya ngazi, ndoo na mtu mzima makini.
- Kwenye ukuta wa kale, lipu iwe ya chokaa. Kabla ya kuchangisha kwa ajili ya ukuta, kwanza mtu apande juu akatazame paa.
- Katika Mji Mkongwe msianze kazi bila ya kushauriana na Mamlaka ya Mji Mkongwe, kwani huko ndiko waliko wenye ujuzi wa majengo haya.
- Misahafu, vitabu na nyaraka za wakfu visiwekwe kwenye ukuta wa nje wala sakafuni. Zipigwe picha kila ukurasa, na nakala ziwekwe nyumba nyingine. Tungefanya hivyo, majina ya wale watoaji wakfu tungekuwa nayo.

Hitimisho

Methali yetu ya "usipoziba ufa utajenga ukuta" ilitungwa na watu walioishi katika nyumba za mawe, nao walikuwa wakizungumzia ufa wa kweli na ukuta wa kweli. Walijua kwamba mvua itakuja kila mwaka, na waliifurahia, kwa sababu milizamu yao ilikuwa wazi.

Ukuta wa msikiti tuliousimulia umetengenezwa tena, kwa chokaa. Umechukua miezi mingi na haung'ari kama ule wa kwanza, lakini masika yaliyopita haukutoa doa. Ile kandambili fundi mzee aliitundika msumarini karibu na mlango wa kwenda paani, na ipo mpaka leo. Hatujui ilikuwa ya mtoto gani na hatutafuti kujua. Tunaitazama kila tunapochukua ngazi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atujaalie mvua zenye manufaa, azihifadhi nyumba zake na nyumba zetu, na awalipe kheri wote waliotoa wakfu, wale tunaowajua majina na wale ambao majina yao yamefutika kwetu lakini kwake hayakufutika. Amin.

Maswali ya kujipima

1. Mtume (S.A.W.) aliomba nini Ijumaa ya pili, na tunajifunza nini kutokana na ombi hilo?
2. Kwa nini lipu ya saruji haifai kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa?
3. Paa la nyumba yenu lina urefu na upana gani? Piga hesabu: mvua ya milimita 40 italiletea lita ngapi za maji?
4. Nenda na mzazi wako mkatazame mlizamu wa nyumba yenu au wa msikiti wenu. Andika mlichokikuta.

Wabillahi tawfiq.